Taa za hatari kwenye lori: dereva aziwashe wakati gani, na azizime wakati gani?

Shofere_wa_Ruashi

Ndugu madereva na mafundi, ninawasalimu kutoka Lubumbashi.

Nimekabidhiwa lori la trela hivi karibuni, baada ya muda mrefu wa kuendesha gari dogo la mizigo mjini, na kazi yangu sasa ni kupokea mzigo Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, kupita nao Lubumbashi na kuufikisha Likasi au Kolwezi. Katika barabara hiyo nimeona kwamba kila dereva ana desturi yake kuhusu taa za hatari, yaani indiketa zote zinazowaka na kuzimika kwa pamoja mtu anapobonyeza kitufe chenye pembetatu nyekundu. Yupo anayeziwasha mara tu mvua inapoanza na kuzisahau hadi anapoegesha. Yupo anayeziwasha kwenye njia panda ili kueleza kwamba anakwenda moja kwa moja. Wengine huziwasha wakipanda mlima, wengine wakiwa kwenye msafara wa malori ya mwenye mali mmoja, na wengine wakisimama nusu barabarani kununua makala, yaani mkaa, kana kwamba taa hizo ni kibali cha kuegesha popote.

Msimamizi wetu kazini ameniagiza kwamba nikiwa nimebeba kemikali za migodini niziwashe tangu ninapoondoka hadi ninapofika. Sikumbishia, kwa kuwa ni mkubwa wangu, lakini nilipotekeleza agizo hilo niliona kwamba magari yaliyo nyuma yangu hayajui tena kama ninataka kukata kona, kusimama au kuendelea na safari.

Siulizi ili nijue namna ya kukwepa faini ya polisi wa barabarani. Ninachotaka kufahamu ni kile anachokielewa mtu aliye nyuma yangu anapoziona taa hizo, na ni wakati gani kuziwasha kunamsaidia, na wakati gani kunampoteza. Pia naomba mnifafanulie umbali wa kuweka pembetatu lori likiharibika, kwa sababu kila ninayemuuliza hunitajia hesabu tofauti.

Aksanti kwa majibu yenu.

MzeeWaUsukani

Mdogo wangu, nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu nimeendesha njia ya Dar es Salaam, Tunduma na Nakonde hadi Kasumbalesa kabla ya kuhamia upande huu wa Katanga, na jambo unalouliza nimeliona likiharibiwa pande zote mbili za mpaka.

Taa za hatari zina ujumbe mmoja: mimi ni kizuizi, au nitakuwa kizuizi sasa hivi. Hazisemi unakwenda wapi, hazisemi umebeba nini, na hazimwombi mtu msamaha. Kwa hiyo, kabla hujabonyeza kitufe, jiulize kama aliye nyuma yako atashtuka atakapokufikia. Ikiwa unakwenda kwa mwendo ule ule anaoutarajia, huna la kumwambia. Ikiwa umeshuka kutoka kilomita 70 kwa saa hadi 15 mahali ambapo yeye haoni sababu, basi una la kumwambia, na unapaswa kulisema mapema.

Chukua mfano wa waendesha baiskeli wanaoingiza makala mjini alfajiri. Mtu anasukuma baiskeli iliyopakiwa magunia mpaka yeye mwenyewe haonekani, hana taa, na nyuma yake wako wenzake wamefuatana. Wewe unawaona kwa sababu umekaa juu na taa zako zinawamulika, lakini gari lililo nyuma ya trela yako halioni kitu isipokuwa milango ya trela. Unapokanyaga breki, taa nyekundu zitamwambia kwamba unapunguza mwendo. Hazitamwambia kwamba utatambaa kwa dakika nzima ukisubiri upande wa pili uwe wazi. Hapo ndipo taa za hatari zinapofaa. Punguza mwendo, ziwashe, umpe nafasi aliye nyuma naye apunguze. Barabara ikiwa wazi, zizime kwanza, washa indiketa ya kushoto, iache ipige mara kadhaa, ndipo utoke. Wengi husahau hatua ya kuzizima, wakatoka kushoto huku taa zote zikipiga, na yule aliyechoka kusubiri nyuma yao anakuwa naye ameshaanza kuwapita kwa upande huo huo. Umeona tatizo liko wapi? Katika malori mengi, taa za hatari zikiwa zimewashwa, mkono wa indiketa haufanyi kazi yoyote.

Lipo jambo la pili ambalo vijana wa upande huu hawaambiwi. Kuna desturi ya zamani barabarani kwamba dereva wa lori humpa ishara aliye nyuma yake kama anaweza kupita. Tanzania na Zambia, ambako tunaendesha kushoto, indiketa ya kushoto maana yake ni kwamba nimesogea, pita. Ya kulia maana yake ni kwamba usipite, kuna gari linakuja. Ukishavuka Kasumbalesa tunaendesha kulia, na maana hizo zinageuka: ya kulia inasema pita, ya kushoto inasema usithubutu. Sasa fikiria dereva aliyeingia jana kutoka Tunduma, usukani wake uko kulia, amekaa upande wa majani na haoni mbele ya lori unaloliendesha wewe. Anategemea sana ishara yako kuliko mtu mwenye usukani wa kushoto, na wewe umemwashia taa pande zote mbili kwa pamoja. Atachagua anachokitaka, na kwa kawaida mtu mwenye haraka huchagua kupita. Desturi hiyo si sheria, na mimi siipendi, kwa sababu anayepita ndiye anayepaswa kuiona barabara kwa macho yake mwenyewe. Lakini ipo, na ukiendesha bila kuifahamu utatoa ruhusa ambayo hukukusudia kuitoa.

Kuhusu mlima: ukipanda na mzigo mzito hadi ukafika mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, ziwashe, hasa usiku na hasa baada ya kona, na ukishapata tena mwendo wa kawaida zizime. Kuhusu njia panda: usiziwashe kamwe. Gari lililo upande wako wa kulia linaona ubavu wako wa kulia tu, na taa inayopiga ubavuni ni indiketa ya kulia kwa yeyote anayeiona. Mtu anayekwenda moja kwa moja hana haja ya kuwasha chochote. Kuhusu makala, usinunue barabarani.

Mama_Kamalondo

Mimi si dereva wa lori. Ninaendesha gari dogo kwenda Kasumbalesa kufuata bidhaa, kwa hiyo ninyi nawajua kwa migongo yenu. Naomba niseme kitu kimoja ambacho Mzee hakukigusa, nacho ni mvua.

Mvua za Januari zinaponyesha kwa nguvu, na matairi ya trela yanarusha maji machafu hadi juu ya kioo changu, taa nyekundu za nyuma za malori mengi sizioni kabisa, ama kwa sababu zimejaa tope au kwa sababu hazijawahi kuwaka. Taa za hatari ninaziona, kwa sababu zina rangi nyingine na zinapiga. Kwa hiyo dereva anayeziwasha kwenye mvua kubwa, mimi binafsi namshukuru, hata kama hakusimama wala hakupunguza mwendo sana. Mnisamehe kama sheria inasema vingine.

Ninachokichukia ni usiku, pale malori yanapojipanga karibu na mpaka na kila moja limeacha taa zake zinapiga. Mtu hawezi kutofautisha lori lililoharibika katikati ya njia na lililoegeshwa pembeni likisubiri karatasi zake. Macho yanachoka, na ukifika kwenye lililoharibika kweli unakuwa umeshazoea kutozijali.

Mwalimu_Kampemba

Ninafundisha udereva, na swali hili huulizwa na wanafunzi wangu karibu katika kila darasa, kwa hiyo nitaongeza upande wa sheria, kisha nitarudi kwenye mvua ya Mama Kamalondo, kwa sababu simpingi moja kwa moja.

Barabara zetu zinaongozwa na sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, na nchi yetu ilijiunga mwaka 1977, ilipokuwa ikiitwa Zaire, na Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani. Mkataba huo, kama unavyosomeka sasa, unaruhusu taa za hatari zitumike katika hali mbili tu: gari lililoharibika au lililopata ajali linaposhindwa kuondolewa mara moja na hivyo kuwa kizuizi kwa wengine, na dereva anapotaka kuwaonya wengine juu ya hatari iliyo karibu kutokea. Ukisoma maneno hayo kwa makini, utaona kwamba yanaafikiana na alichosema Mzee, na kwamba kwenda moja kwa moja kwenye njia panda hakumo ndani yake.

Zaidi ya hapo, nchi zimeachana njia. Ufaransa inamlazimisha dereva anayekwenda kwa muda kwa mwendo wa chini sana aziwashe ili asiwashtukize wengine, na inaongeza jambo ambalo ningependa misafara yetu ya migodini iliige: magari yakiwa yamefuatana bila kuachana, wajibu huo ni wa gari la mwisho peke yake. Malori kumi yakipiga taa kwa pamoja hayamwambii mtu zaidi ya lile moja la nyuma, na tisa yaliyobaki yamejinyima indiketa bure. Uingereza ni kali zaidi. Huko haziruhusiwi gari likiwa linakwenda au linavutwa, isipokuwa kwenye barabara kuu zenye njia zilizotenganishwa, na kwa muda mfupi tu, ili kuonya juu ya hatari iliyo mbele. Ujerumani inataka kinyume chake katika jambo la kuvuta: gari linalovuta na linalovutwa, yote mawili, yawashe. Nataja haya ili mwenzetu asishangae akisoma kwenye intaneti maagizo yanayopingana. Kila moja linaweza kuwa sahihi mahali pake.

Sasa mvua. Huko Florida, nchini Marekani, ilikuwa marufuku kwa muda mrefu kuendesha huku taa za hatari zikiwaka, lakini tangu Julai 2021 zinaruhusiwa pale ambapo mtu haoni mbele kabisa, kwenye barabara zenye kikomo cha maili 55 kwa saa au zaidi, yaani karibu kilomita 88. Kwa hiyo hata watunga sheria wamevutana juu ya jambo hili, na Mama hana sababu ya kuomba radhi. Hata hivyo, alichokieleza ni lori ambalo taa zake za nyuma zimekufa au zimefunikwa na tope. Dawa yake ni kitambaa na balbu. Dereva anayewasha taa za hatari kwenye mvua huku taa zake nyekundu zikiwa hazionekani ameziba tundu moja kwa kulifungua jingine, kwa sababu akikanyaga breki hakuna atakayejua, na akikata kona hakuna atakayejua pia. Wanafunzi wangu ninawafundisha hivi: kwenye mvua, moshi au vumbi, washa taa za kawaida mchana kweupe, na kama lori lina taa nyekundu ya ukungu nyuma, iwashe. Taa za hatari ziwe akiba ya wakati ambapo umelazimika kutambaa. Moshi nautaja kwa makusudi, maana kiangazi watu wanapochoma majani, wingu hukatiza barabara ghafla, na anayeingia ndani yake kwa mwendo wa kilomita 80 haoni mkia wa trela mpaka ameufikia.

Kuhusu kemikali, msimamizi wako anachanganya kazi mbili. Linalowajulisha watu kwamba umebeba asidi ni bao la rangi ya machungwa lenye namba, lililofungwa mbele na nyuma. Asidi ya salfuriki, kwa mfano, hutambulika kimataifa kwa namba 1830, na zimamoto akiiona namba hiyo anajua cha kufanya. Taa inayopiga haiwezi kumweleza hayo. Ukiziwasha kilomita 300 kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi, siku utakapopata hatari ya kweli hutakuwa na ishara iliyobaki ya kuitangaza.

Mwisho, umbali wa pembetatu. Ufaransa inataka angalau mita 30, Uingereza inashauri angalau mita 45. Marekani inamtaka dereva wa lori awashe taa za hatari mara anaposimama, kisha ndani ya dakika 10 awe ameweka alama tatu; kwenye barabara ya njia mbili, moja huwekwa kiasi cha mita 3 kutoka kwenye gari, upande magari yanakopita, nyingine mita 30 nyuma, na nyingine mita 30 mbele. Hiyo ya mbele wengi hawaifikirii, ingawa anayekuja kutoka upande wa pili naye anahitaji kujua kwa nini magari yanaingia katika njia yake. Ila mimi nasema mita 30 hazitoshi kwetu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde, na dereva aliyechoka akitumia sekunde moja na nusu kutambua anachokiona, ameshakula mita 33 kabla mguu haujagusa breki. Kwenye barabara iliyonyooka kuelekea Likasi, tembea hadi mita 100 na zaidi, ukiwa pembeni, uso ukiyaelekea magari.

Nyawera_Bukavu

Ndugu wa Lubumbashi mnajaliwa barabara zilizonyooka. Mimi nimefanya kazi njia ya Bukavu kwenda Uvira kupitia mteremko wa Ngomo kabla ya kufika Kamanyola, na kule kanuni ya mita haina maana usipoangalia kona. Lori likikatika ekseli baada ya kona, ukaweka pembetatu mita 30 nyuma yake, mara nyingi pembetatu hiyo bado iko ndani ya kona ile ile, na anayekuja anaiona pamoja na lori. Ni lazima ipelekwe kabla ya kona, hata kama utapanda kwa miguu hadi upate jasho, na kule juu amsimamishe utingo mwenye kitambaa au tochi. Hata sheria hiyo ya Marekani aliyoitaja Mwalimu inasema hivyo: kukiwa na kona au kilima karibu, alama isogezwe kuelekea huko, kati ya mita 30 na 150.

Matawi ya miti siyadharau. Kila mtu huku akiona majani yamelazwa barabarani anajua kuna gari limekufa mbele, na usiku uliopoteza pembetatu zako kwa wezi, matawi ndiyo yanayokuokoa. Mawe ndiyo nayalaani. Watu huyapanga nyuma ya matairi na katikati ya njia, gari linatengenezwa, wanaondoka na kuyaacha pale pale. Mwenye pikipiki anayakuta gizani. Dereva anayeziba njia kwa mawe na kuyaacha anapaswa kushtakiwa kama mtu aliyechimba shimo.

Jambo jingine ambalo halijatajwa ni breki zinapokufa kwenye mteremko. Hapo usifikirie sheria ya nchi yoyote: washa taa za hatari, washa taa kubwa, lalia honi, na yote hayo uyafanye mapema, ukiwa bado una gia ya kukuzuia. Madereva wengine huona aibu kutangaza kwamba gari limewashinda, wakanyamaza mpaka kona ya pili.

Shofere_wa_Ruashi

Nawashukuru sana, Mzee, Mama, Mwalimu na ndugu wa Bukavu. Suala la ishara kugeuka maana ukivuka Kasumbalesa sikuwa nimewahi kuelezwa na mtu yeyote, na sasa ninaelewa kwa nini madereva wa kigeni hupiga honi kwa hasira ninapowawashia indiketa ya kushoto.

Nina maswali mawili ya ziada, na haya labda ni ya mafundi. La kwanza, wenzangu husema kwamba lori likilala njiani na taa za hatari zikawaka usiku kucha, asubuhi betri itakuwa imekufa, kwa hiyo wao huzima kila kitu na kulala. La pili, nitajuaje kwamba taa za mwisho wa trela zinawaka kweli, wakati kwenye dashibodi naona mishale yote miwili inapiga bila kasoro?

Fundi_Katuba

Ninatengeneza umeme wa malori Katuba, na swali lako la pili ndilo lingetangulia, maana mengi yaliyosemwa hapo juu yanategemea taa kuwaka pande zote mbili.

Mshale wa dashibodi usiuamini. Katika malori mengi ya zamani unakuambia tu kwamba umeme umetoka kwenye kichwa cha lori; haukuambii kwamba umefika mwisho wa trela. Kati ya hapo na taa kuna soketi yenye pini saba, kuna waya uliofungwa kwa kamba za plastiki chini ya chasisi, na kuna balbu ambayo imetikiswa na mashimo tangu iliponunuliwa. Sasa unganisha jambo hili na lile la Mzee. Tuseme balbu ya kushoto ya trela imekufa. Umeharibikiwa njiani, au unapanda kwa kutambaa, ukawasha taa za hatari. Wewe unajua umewasha zote. Aliye nyuma yako anaona taa moja tu inapiga, ya kulia, na kwa desturi ya upande huu umemwambia kwamba njia ni salama, apite. Nimeletewa trela za namna hiyo mara nyingi, na mwenye nayo huja kulalamikia kitu kingine kabisa, kama honi au redio.

Kwa hiyo, kila unapounganisha trela, washa taa za hatari, shuka, zunguka lori lote. Hesabu kwa macho: mbili mbele, za ubavuni, mbili nyuma ya kichwa kama zinaonekana, mbili mwisho wa trela. Kisha zizime na ujaribu indiketa ya kila upande peke yake, kwa sababu lori lina njia tofauti za umeme kwa kazi hizo mbili, na moja inaweza kufa nyingine ikabaki. Indiketa ya upande mmoja ikianza kupiga haraka kuliko kawaida, katika magari mengi hiyo ni dalili ya balbu iliyokufa upande huo. Kipimo kinachokubalika kimataifa ni mapigo kati ya 60 na 120 kwa dakika.

Kuhusu betri, tupige hesabu badala ya kubishana. Balbu ya indiketa ya lori kwa kawaida ni wati 21. Ukiwa na mbili mbele, mbili nyuma ya kichwa na mbili za trela, jumla ni wati 126, na kwa umeme wa volti 24 hiyo ni zaidi kidogo ya ampea 5. Lakini zinawaka nusu ya muda na kuzimika nusu, kwa hiyo wastani ni ampea 2.6. Saa kumi za usiku zitakula kama ampea-saa 26, na betri za lori kubwa mara nyingi huwa na uwezo wa ampea-saa 180 au zaidi zikiwa mpya. Betri nzima itaamka asubuhi na kuwasha injini. Iliyozeeka, ambayo wewe mwenyewe unajua kwamba inalia kila ukiwasha, haitaamka, na hapo kosa si la taa. Ukiona mashaka, zima redio, zima taa za ndani, usichaji simu za abiria wote. Pembetatu hazili betri, kwa hiyo weka nyingi. Lakini kuzima kila kitu na kulala ndani ya lori lililokaa nusu barabarani, hilo mimi sitalifanya hata kwa ampea moja iliyobaki. Kama lori limetoka barabarani kabisa na liko salama kwenye uwanja, zima, ulale. Mama Kamalondo ameeleza vizuri kwa nini.

MzeeWaUsukani

Fundi, hapo kwenye uwanja naafikiana nawe. Niongeze tu kwamba asiyeondoka barabarani asilale ndani ya lori hata kama taa zote zinawaka. Akae mbali, upande wa majani, aliangalie lori lake akiwa huko.

Shofere_wa_Ruashi

Nimefanya jaribio la Fundi jioni hii, utingo akiwa ndani ya lori na mimi nikiwa nyuma. Taa zote za trela zinapiga, lakini nikimwambia akanyage breki wakati taa za hatari zinawaka, ile ya kushoto inafifia mpaka karibu haionekani, na taa ya breki ya upande huo huo inapiga kidogo kidogo kana kwamba nayo ni indiketa. Balbu zote mbili nimezibadilisha, na bado hali ni ile ile.

Fundi_Katuba

Huo ni waya wa ardhi wa taa ya kushoto. Umeme unashindwa kurudi kwa njia yake, kwa hiyo unatafuta njia kupitia balbu ya jirani, na ndiyo maana moja inaiga nyingine. Fungua taa yenyewe, utafute mahali waya huo ulipofungwa kwa bolti kwenye chasisi. Utakuta kutu au rangi mpya iliyopigwa juu yake. Kwangua hadi chuma king'ae, kaza, paka grisi, kisha rudia jaribio mkiwa wawili kama leo. Ikikataa, angalia pini ya ardhi kwenye soketi ya trela, maana huwa inaungua. Usiondoke nayo hivyo kesho, hata kwa mchana.